Miezi minne na buti za mpira kwenye ziwa Kivu

Nilinunua hizi buti kwa sababu ya aibu. Asubuhi moja ya mwezi wa saba tulirudi mwaloni na sambaza, dagaa wa huku kwetu, beseni mbili tu kwa usiku mzima. Nikavua kandambili ninawe miguu, mke wangu akaitazama, akasema mbele ya mama wote waliokuja kununua: "Papa, hiyo ni miguu ama ni mihogo umeloweka?" Walicheka mpaka mmoja akaweka beseni chini. Lakini kweli vidole vilikuwa vyeupe, vimejikunja, na ngozi ya kisigino ilikuwa inabanduka kama ganda. Sikuvihisi sawasawa hadi saa nne, jua lilipokwisha kupanda.

Msomaji wa pwani anaweza kudhani natania. Baridi gani hiyo, na tuko karibu na ikweta? Aje Bukavu, mji wetu wa Kongo kando ya ziwa, kati ya Juni na Agosti, alale nje usiku mmoja. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, milima imelizunguka, na ikifika saa nane za usiku upepo unateremka kutoka huko juu kama mtu amefungua mlango. Nasi hatuna namna ya kuuepuka usiku. Sambaza, ambao wazee wetu waliwaona wakiletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hufuata taa. Mwezi ukiwa mpevu taa zetu hazina kazi, tunabaki nyumbani. Kwa hiyo tunavua giza likiwa giza, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, na kila anayevuta kamba anasimama kwenye maji yaliyojikusanya chini ya mtumbwi.

Jambo nililochelewa kulielewa ni hili: maji ya ziwa si baridi. Tia mkono majini saa tisa za usiku, utaona yana uvuguvugu kuliko hewa. Uso wa ziwa hukaa kwenye nyuzi 23 au 24 karibu mwaka wote, hewa inashuka chini sana ya hapo. Kinachoumiza ni mguu uliolowa kisha ukapigwa na upepo. Maji yanapokauka kwenye ngozi yanaondoka na joto lako, halafu wavu unapanda, unamwagiwa tena, mchezo unaanza upya. Mara nyingi usiku mmoja. Nilipoelewa hivyo nikajua sihitaji kiatu kinene cha theluji. Nahitaji kitu cha kuzuia rasharasha na upepo.

Nikaenda soko la Kadutu. Buti nyeusi za mpira, zinazofika chini kidogo ya goti, zina kitambaa chembamba ndani. Mama aliyeniuzia alikuwa wazi: wateja wake ni wachimbaji wa madini na watu wa mashamba, mvuvi hajawahi kumwona. Alitaka dola 15, tukaishia 11. Mimi navaa 41, akanipa 43. Nikabisha. "Mwanangu, baridi haiingii kwa buti kubwa, inaingia kwa buti inayobana." Nilidhani anataka kumaliza namba zisizotoka. Alikuwa na haki. Usiku wa kwanza nilivaa soksi tatu, moja juu ya nyingine, buti ikajaa kabisa, na miguu ikaganda kuliko siku za kandambili. Damu ilikuwa haipiti. Sasa navaa soksi mbili, nyembamba ndani na nzito nje, na vidole vinacheza humo.

Soksi ndizo zilizonisumbua kuliko buti. Za pamba ni hasara tupu. Mpira haupumui, ukivuta kamba nusu saa unatoka jasho, pamba inalinywa lote na kukaa nalo. Unafika saa kumi umelowa kutoka ndani wakati nje hakujaingia hata tone. Nilipata za sufu kwenye mitumba, za kijani, ndefu, moja ina tundu la kidole gumba. Nafikiri zilikuwa za askari wa Ulaya, lakini hiyo ni hadithi yangu tu. Sufu ikilowa bado inabakiza joto. Nabeba pea ya pili kwenye sashe ya plastiki iliyofungwa, na katikati ya usiku, tukingoja sambaza wakusanyike chini ya taa, nakaa pembeni nabadilisha. Dakika tano. Vijana wananiita bwana harusi.

Muuguzi niliyemwonyesha kisigino aliniambia kwamba mguu ukikaa umelowa saa nyingi mishipa hujibana na ngozi huanza kufa, hata kwenye nyuzi 15, bila theluji yoyote. Akanikataza pia desturi yetu ya kufika nyumbani na kunyoosha miguu juu ya makaa: mguu uliokufa ganzi unaungua bila wewe kujua. Naukausha, naufunika kwa kitenge, nangoja.

Mzee wetu wa mtumbwi hakuzipenda buti tangu siku ya kwanza. Yeye anavua pekupeku miaka yote, anasema unyayo unashika ubao, mpira unateleza, na ukianguka majini buti zinajaa zinakuvuta. La kuteleza ni kweli, nusura nianguke mara mbili, mpaka nilipokwangua matope yaliyoziba meno ya soli. La kuanguka nililijaribu mwenyewe mchana, karibu na ufuko, nimevaa jaketi la kuokolea. Zilijaa mara moja, na kuogelea nazo ni kazi ya punda. Ila kwa kuwa ni namba 43, nilisukuma kisigino kwa mguu wa pili, zikavuka. Za 41 zisingevuka. Tangu hapo sizifungi kamba juu wala sizichomeki ndani ya suruali. Asiyejua kuogelea na asiye na jaketi, simshauri.

Kuzikausha: karatasi za magazeti zilizofinyangwa ndani, unazibadilisha mara moja, kisha kivulini, midomo ikitazama chini. Kijana mmoja wa mtumbwi wetu alinunua kama zangu, akazianika kando ya mbabula, jiko la makaa, mpira ukapasuka wiki ya pili.

Zangu zilidumu miezi mitatu kabla ya kupasuka, ya kulia, pale zinapokunjika kwenye kifundo ukichuchumaa. Kwa dola 11 nilitarajia angalau mwaka. Yule mama hakutaka kusikia, akasema wachimbaji hawalalamiki. Nikampelekea kwado anayeziba matairi ya pikipiki karibu na kwetu. Akaukwangua mpira, akapaka gundi, akabandika kipande cha tyubu, faranga 2,000. Haipitishi maji mpaka leo. Ya kushoto nayo imeanza kupauka kwenye mkunjo uleule, na nimeshamwambia aniwekee kipande.