Mtego wa mkasi kwa fuko: unafaa wapi, unakwama wapi

Mtego huu wa chuma unaopatikana kwenye maduka ya pembejeo ulibuniwa kwa ajili ya fuko wa Ulaya, mla minyoo anayezungukia njia zake kila siku kutafuta chakula. Fuko wa Kinangop, Molo, Meru au miteremko ya Kilimanjaro ni jamii ya panya. Anakula mizizi, viazi, karoti na matete, anachimba kwa meno, na akihisi njia yake imetobolewa huja kuiziba kwa udongo. Ukiutega mkasi kama karatasi ya maelekezo inavyosema, asubuhi utaukuta umefyatuka na kubana bonge la udongo. Hapo springi haina kosa.

Mtego una jozi mbili za miguu inayobana kama koleo, kibati cha kufyatulia katikati, springi nene, na mikono miwili inayobaki juu ya ardhi. Mikono ndiyo sifa yake kubwa: ikipanuka unajua umefyatuka, huna haja ya kufukua. Kabla ya kulipa, ubane na uufyatue mara tatu nne kwa kijiti, kamwe si kwa kidole. Kibati kikihitaji msukumo mkubwa, au miguu ikiacha mwanya inapofunga, rudisha. Mpya huja na mafuta ya kiwandani. Uoshe kwa maji ya moto, kisha uufukie kwenye udongo wa shamba siku mbili ili harufu iishe.

Kutega: tafuta kifusi chenye udongo mbichi. Dunga nondo ya mm 8 kuzunguka kifusi, sm 20 hadi 40 kutoka ukingoni; inapozama ghafla, umepata njia. Fungua dirisha la sm 30 hivi na uondoke. Likizibwa ndani ya saa chache, fuko yumo. Likibaki wazi hadi kesho yake, hama, usipoteze mtego kwenye njia iliyoachwa.

Sasa ndipo maelekezo ya karatasi yaachwe. Yanataka shimo lifunikwe pasipite mwanga hata kidogo. Kwa fuko wetu, acha tundu la ukubwa wa kidole gumba upande mmoja wa dirisha, lipitishe hewa. Mtego uweke mbali na tundu hilo kadiri dirisha linavyoruhusu, kwa sababu fuko hukusanya udongo mbele yake kadiri anavyokaribia uwazi. Ukiwa karibu mno, udongo unafika kabla yake. Kandamiza sakafu ya njia chini ya miguu ya mtego, ondoa mawe na mizizi inayoweza kuzuia isifunge. Kisha funga mkono mmoja kwa waya kwenye kigingi, maana mbwa huondoka na windo pamoja na mtego. Kagua asubuhi na jioni. Siku mbili bila kitu, badilisha mahali.

Shambani penyewe, kitanzi cha waya na fito iliyopindwa bado kinaushinda. Kwa bei ya mkasi mmoja unatega vitanzi kadhaa, na fuko akikata kamba inayomzibia njia, fito inanyooka, inavuta kitanzi na kumaliza kazi. Mkasi unajilipia kando ya zizi, ghala au kitako cha tangi la maji, mahali pasipo na nafasi ya fito na ambapo sumu ni hatari. Vidonge vya fosfidi vya kuhifadhia nafaka visikaribie hapo kabisa: gesi yake hufuata mashimo hadi ndani ya nyumba, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Kumwaga maji shimoni kando ya msingi nako ni kujichimbia kaburi la sakafu. Udongo unalainika, zege linabaki likining'inia, halafu linapasuka.

Tega mita moja au mbili kutoka ukutani. Ukishamnasa, jaza njia kwa udongo wa mfinyanzi na kokoto, ukishindilia kila sm 15. Kwa kawaida fuko huishi peke yake, isipokuwa mama mwenye watoto, lakini njia iliyo tupu hupata mpangaji mwingine upesi. Kuta zinazochimbwa kila msimu zizungushie wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, ukizama sm 60, na ukingo wa chini uliokunjwa kwenda nje sm 20.

Vile vigingi vya sola vinavyotetemesha ardhi, acha dukani.

Udhaifu wa mwisho wa mkasi ni kutu kwenye kiungo cha kibati. Kikikwama kidogo tu, fuko anapita chini yake. Upige brashi ya waya na upake mafuta ya kupikia, si ya injini, na usiuhifadhi ukiwa umetegwa, springi italegea.