Spesa ya pampu ya pumu: ndogo yenye barakoa, kubwa, au chupa ya maji ya nusu lita?

Ukinunua pampu ya pumu kwenye duka la dawa, mara nyingi utapewa pampu peke yake. Spesa, lile bomba la plastiki linalokaa kati ya pampu na mdomo, haitajwi kabisa. Hapo ndipo tiba inapoanza kuharibika. Pampu hutema dawa kwa kasi, na mtu aliyebanwa kifua ni vigumu abonyeze na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Dawa nyingi hugonga ulimi na koo, humezwa, na mapafu huambulia kidogo. Ndani ya spesa kasi hiyo hupungua, matone makubwa hunata kwenye kuta, na yale madogo yanayoweza kushuka hadi kwenye mapafu huelea kwa sekunde chache tu yakingoja kuvutwa.

Ndogo, ya mililita 150 hivi, ina vali inayoruhusu dawa itoke mgonjwa anapovuta na kuzuia pumzi anayotoa isirudi ndani. Kwa mtoto wa chini ya miaka 4 hii ndiyo ya kununua, pamoja na barakoa ya saizi yake. Barakoa ifunike pua na mdomo bila kugusa macho, na ibanwe vizuri usoni, kwa sababu hata mwanya mdogo pembeni ya pua hupoteza sehemu kubwa ya dozi. Mtoto anayelia kwa nguvu hapati dawa ya maana, kwa hiyo mpakate, mtulize kwanza, mwache aishike barakoa. Akishaweza kubana mdomo vizuri, ondoa barakoa, kwani pua huchuja dawa.

Kubwa ya mililita 750 huja vipande viwili vinavyounganishwa. Inamfaa mtu mzima na mtoto mkubwa, na mlio wa vali yake humjulisha mwangalizi kwamba mgonjwa anavuta kweli. Udhaifu wake ni ukubwa: haiingii mfukoni wala kwenye mkoba wa shule, hivyo huachwa nyumbani siku inapohitajika.

Chupa ya maji ya mililita 500 wengi huidharau, na si haki. Mwaka 1999 daktari wa watoto Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet jaribio la watoto wa miaka 5 hadi 13 waliokuwa na shambulio la pumu. Chupa iliyozibwa vizuri pale inapoingia pampu ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Ile isiyozibwa ilikuwa chini yake, na kikombe cha povu kilikuwa cha mwisho. Kuziba ndiko kunakoleta tofauti. Kunja waya mnene ufuate umbo la mdomo wa pampu, upashe moto, ukandamize katikati ya kitako cha chupa hadi plastiki iyeyuke. Fanya hivyo nje, mgonjwa akiwa mbali, maana moshi wake unabana kifua. Toa mabaki yote ya plastiki, ingiza pampu, ziba kuizunguka kwa gundi au utepe imara, na usiitumie mpaka gundi ikauke na harufu iishe. Shingo ya chupa ndiyo inayoingia mdomoni. Kwa mtoto asiyeweza kuibana kwa midomo, chupa haifai.

Plastiki mpya, ya dukani au ya chupa, huwa na umemetuli unaovuta dawa ikanata kutani. Kwa hiyo osha kabla ya kutumia mara ya kwanza: maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo. Usiisuuze ndani, na usiifute kwa kitambaa hata kiwe kisafi namna gani, kwani kusugua hurudisha umemetuli. Iache ijikaushe yenyewe. Suuza sehemu ya mdomo tu. Rudia kila mwezi. Ya dukani ibadilishwe baada ya miezi 6 hadi 12, au mapema zaidi vali ikikunjamana.

Kosa linaloonekana zaidi ni kubonyeza mara tatu au nne mfululizo ndipo mgonjwa avute. Matone hugongana, hukua na kunata, na dozi inayotoka haifikii hesabu ya mibonyezo. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, vuta pumzi nne za kawaida papo hapo, kisha tikisa na ubonyeze tena. Australia hufundisha hivyo katika huduma ya kwanza: mibonyezo 4 ya salbutamoli (dawa ya pampu ya bluu), mmoja mmoja, kila mmoja kwa pumzi 4, halafu ngoja dakika 4. Asipopata nafuu, anza safari ya hospitali huku ukiendelea kumpa. Asiyeweza kumaliza sentensi, au ambaye midomo imekuwa ya bluu, asingojeshwe hata hizo dakika.

Wazazi wengi huamini mashine ya mvuke ina nguvu zaidi. Mapitio ya 2013 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuona hivyo: katika shambulio lisilo la kutishia maisha, spesa haikuzidiwa, na watoto walioitumia walikaa muda mfupi zaidi kwenye chumba cha dharura na mapigo yao ya moyo hayakupanda sana.

Hata spesa nzuri haitaokoa tiba yenye dawa pungufu. Salbutamoli hufungua njia za hewa bila kutuliza uvimbe wake. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA haupendekezi watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Wanahitaji pia steroidi ya kuvuta, dawa inayotuliza uvimbe huo. Kwa watoto, jaribio la New Zealand lililochapishwa 2025, lenye watoto 360 wa miaka 5 hadi 15 wenye pumu isiyo kali, lilionyesha kuwa budesonidi (steroidi) na fomoteroli (dawa ya kufungua njia za hewa) katika pampu moja, ikitumiwa wakati wa dalili, ilipunguza mashambulio kwa asilimia 45 ikilinganishwa na salbutamoli. Zungumza na daktari kuhusu hilo kabla ya kununua kopo jingine la bluu. Ukivuta steroidi, sukutua na uteme maji, la sivyo utando mweupe wa fangasi unaweza kuota mdomoni.

Dukani, jaribu pampu yako mwenyewe kwenye mpira wa nyuma wa spesa. Ikicheza, chagua nyingine. Na kama dawa yako ni ya unga, usinunue spesa yoyote. Unga huvutwa moja kwa moja, kwa pumzi ndefu yenye nguvu.