Nilimpeleka shemeji Ujiji: uzoefu wangu wa Makumbusho ya Livingstone na mitaa yake

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, mwaka wa sita sasa naishi Mwanga hapa Kigoma kikazi. Mke wangu ni Mzaramo. Kwa hiyo kaka yake alipopanda treni Dar kuja kututembelea, nilijua wiki hiyo sitapumua: shemeji, halafu mtani. Hata hajanawa mikono, ameshauliza kama kwetu bado tunabeba mizigo ya watu kwa ujira wa kaniki.

Alichotaka yeye ni sokwe wa Gombe. Nikapata mtu wa boti pale Kibirizi, akachukua malipo ya awali, na asubuhi ya safari simu yake ikawa haipatikani. Simtaji. Siku mbili baadaye alirudisha nusu ya hela pamoja na visingizio vitatu. Anayekwenda Gombe apange mapema na watu wa hifadhi wenyewe, asifanye kama mimi nilivyofanya, kukabidhi noti kwa mtu niliyekutana naye mwaloni. Ndivyo tulivyobaki na siku nzima haina kazi, nikamwambia shemeji, twende Ujiji ukaone mlikokuwa mnatuleta.

Kutoka mjini ni kama kilomita nane. Daladala zipo na zinapita Mwanga, lakini tulichukua bajaji. Dereva aliposikia Kiswahili cha Mbagala, bei ikaruka mara mbili. Nilipoingilia kati kwa Kiha changu cha kuombea maji, ikashuka yenyewe. Kosa letu lilikuwa muda: tulitoka saa sita na nusu, kwenye jua la Septemba, mvua za kwanza bado. Nendeni asubuhi, au baada ya saa tisa.

Makumbusho yenyewe yamo ndani ya kiwanja kilichofagiliwa vizuri, chenye miti na kivuli, na ukishaingia ndani ya uzio kelele za bodaboda zinabaki nje. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje. Tukapewa risiti, na mwongozaji, kijana mpole mwenye daftari chini ya kwapa ambalo hakulifungua hata mara moja.

Kila mtu anakwenda pale kwa ajili ya mwembe ambao chini yake Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alimkuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti. Mwongozaji alituambia mapema, bila kuzungusha, kwamba mwembe wa mwaka 1871 ulishakufa, na hii miwili tunayoiona ilitokana na vipandikizi vya ule wa zamani. Nilimpenda kwa hilo. Sehemu nyingine mtu angekuacha upige picha ukiamini umeegemea historia. Karibu na miembe kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba juu yake, na maandishi yanayosema kwamba chini ya mwembe uliokuwa hapa Stanley alikutana na Livingstone, tarehe 10 Novemba 1871. Kuna pia kumbukumbu ya Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza waliofika hapa Ziwa Tanganyika mwaka 1858.

Ndani ya jumba kuna sanamu mbili kubwa kuliko binadamu, Stanley na Livingstone, wamevua kofia wakisalimiana. Nitasema ukweli wangu: hazikunigusa. Zimesimama kama watu wawili wanaogombea mlango, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe. Shemeji alizitazama, akauliza kwa sauti ya msikitini, "Sasa mizigo yao iko wapi?"

Swali lile ndilo lililoifungua ziara. Mwongozaji alicheka, akaacha maelezo aliyozoea kuwapa wageni, akaanza upya kwa upande wa pili. Akatuambia aliyemsalimia Stanley wa kwanza Ujiji hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetokea kwenye umati na kumwamkia kwa Kiingereza, kisha akatimua mbio kwenda kumwambia bwana wake kwamba Mwingereza anakuja, amemwona kwa macho yake. Livingstone alikuwa amerudi Ujiji wiki chache tu kabla, mgonjwa, akitoka Manyema, Kongo ya leo, na alikuta bidhaa zake alizotumiwa kutoka pwani zimeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Hapo shemeji akaniangalia. Najua aliwaza nini. Aliwaza mtu wa boti.

Basi nami nikapata zamu yangu. Nikamuuliza mwongozaji, kwa nini Stanley alichelewa kufika? Akajibu nilichotaka: Mirambo, mtemi wetu Wanyamwezi. Mwaka ule wa 1871 Mirambo alikuwa ameifunga njia ya misafara kutoka Unyanyembe, yaani Tabora, kuja Ujiji. Stanley akajiunga na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga, wakapigwa wao, na ikambidi azunguke mbali kusini. Nikamwambia shemeji, unaona, hatukuwa wapagazi peke yake, barabara yenyewe tulikuwa tunaifungua na kuifunga tukipenda. Akasema ndiyo, na aliyekuwa anaifunga alikuwa mmoja, waliokuwa wanabeba walikuwa maelfu.

Ni kweli lakini. Pembe za ndovu zikielekea pwani, vitambaa vya merikani, shanga na waya vikirudi bara, vyote vilikwenda kwa mabega, na mabega mengi yalikuwa ya kwetu. Mtu wa Unyamwezi alihesabu safari ya pwani kuwa sehemu ya kukua. Walipofika Uzaramo wakakutana na kina shemeji, wakala, wakagombana, wakazikana, na utani ukazaliwa. Ila kwenye njia hiyohiyo walipita na watu waliofungwa shingo kwa shingo, ambao hawakulipwa merikani wala kaniki. Mwongozaji alipofika hapo alipunguza sauti, nasi tukaacha utani kwa muda. Njia hii, kutoka Ujiji kupitia Kwihara na Mpwapwa hadi Bagamoyo, Tanzania iliiweka mwaka 2006 kwenye orodha ya maeneo inayopendekeza UNESCO iyatambue kuwa urithi wa dunia.

Kuhusu Waha, wenyeji wa hapa Kigoma, mwongozaji alikuwa na kisa pia. Stanley alipopita Uha alidaiwa hongo kila hatua, na neno hilo wakati ule lilikuwa ushuru halali wa njia, mtemi anatoza, mpita njia analipa kwa vitambaa. Mwisho alichoka, akapita vijiji vilivyobaki usiku, kimyakimya, asitozwe tena. Nilimkumbuka dereva wetu wa bajaji.

Kama nimeikadiria kwa haki, jumba lenyewe linamalizika kwa nusu saa. Picha na maelezo yapo, ya kusoma na ya kuangalia. Lakini ukiingia bila mwongozaji, macho yatakwenda kwa wale wawili wenye kofia na utatoka na wao tu. Muulizeni habari za Susi na mtumishi mwenzake, Chuma. Muulizeni na kilichofuata, kwa sababu hadithi haiishii pale. Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, wakakuta mto Rusizi unaingia ziwani na hautoki, kisha wakatembea pamoja hadi Kwihara, kwetu, nje kidogo ya mji wa Tabora. Stanley akaondoka Machi 1872. Livingstone akabaki kwenye tembe hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Mwaka uliofuata akafia Chitambo, iliyo Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakazika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili, wakaubeba wakipitia Kwihara tena hadi Bagamoyo. Alizikwa London Aprili 1874.

Mimi tembe la Kwihara nimelijua tangu nikiwa shule ya msingi, tulipelekwa na walimu, tukala karanga chini ya miti, tukarudi. Lililopo leo limejengwa upya kwenye karne iliyopita, kuta nene, mlango wa kuchonga wa kipwani. Hakuna aliyetuambia kwamba maiti ile ilipita pale mabegani. Nimelijua hilo Ujiji, nina miaka thelathini na tisa.

Tulipotoka tulitembea kwa miguu, na hii ndiyo sehemu ninayoipa nyota zote tano, na haina kiingilio. Ujiji ina nyumba zenye baraza, wazee wenye kofia na kahawa, wanawake wamejifunga kanga kama wako Bagamoyo. Shemeji alitulia ghafla, akawa anaamkia kila mtu shikamoo kama yuko kwao. Miembe ya zamani imesimama kando ya njia, minene, gome limepasukapasuka. Watu husimulia kwamba iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Kweli au si kweli, kivuli chake saa nane mchana hakina mjadala.

Ziwa nalo limekwenda mbali. Zamani lilikuwa karibu zaidi na mwembe, lakini miaka ya 1870 maji yalikata kizuizi kwenye mto Lukuga, upande wa Kongo, na ziwa likashuka kwa miaka kadhaa mfululizo. Miaka ya karibuni limepanda tena, ila pale bado inabidi utembee. Ufukweni tulikuta mafundi wa boti. Mmoja, mzee, alikuwa amepiga magoti ubavuni mwa boti ambayo bado haijaona maji, akisokota pamba iliyolowa mafuta, akiisokomeza kwenye nafasi kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo, kidogokidogo, tok tok tok, akishuka shubiri moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye fundo la ubao alisimama, akaweka sikio, akagonga tena. Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyokaa makumbusho. Hakutuuliza tumetoka wapi.

Mchana tulikula mgebuka na ugali wa muhogo kwa mama mmoja karibu na soko. Mgebuka ulikuwa mzuri. Ugali shemeji alipigana nao.

Jioni tulipita stesheni ya Kigoma mjini, jengo la Wajerumani lililoko mwisho wa Barabara ya Lumumba. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na ilipofika, kazi ya mpagazi wa misafara kwenye njia hii ikaanza kuisha. Kwa reli hiyohiyo Wajerumani walileta meli nzima ikiwa vipande ndani ya makasha kutoka Papenburg, wakaiunga hapa ziwani. Waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiinua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Mwenye hamu ya majengo atapenda stesheni. Msisahau kuomba ruhusa kabla ya kutoa kamera, hilo tuliambiwa kwa upole na tukalikubali.

Siku ya kuondoka, dada yake alimtuma mawese ya kupeleka Dar kwa mama mkwe wangu. Akanunua dumu la lita ishirini Mwanga, halafu dagaa kilo tano, halafu mkungu wa ndizi ambao hakuna aliyemtuma. Bajaji ikaharibikia mita mia mbili kabla ya stesheni, treni imeshapiga honi ya kwanza. Shemeji akaweka dumu begani, mkungu mkono wa pili, mfuko wa dagaa shingoni, akaanza kukimbia. Mimi nilibaki nyuma yake, mikono mfukoni, na nilipotoa simu nikampiga picha akiwa amegeuka kunitukana.

Nimeikuza, iko sebuleni. Chini yake mke wangu ameandika kwa kalamu nyeusi: mpagazi, Ujiji hadi pwani.