Mashine ya "mazao yote" iliyotupasulia maharage

Kabla hujatoa hela kwa mashine ya kupukuchua wanayoiita ya mazao yote, shika chekeche lake uone kama linatoka. La kwetu halikutoka. Lilikuwa limechomelewa!

Tuliinunua baada ya Nanenane ya mwaka juzi, kwenye karakana moja mjini Arusha, kwa hela ya VICOBA, kina mama kumi na wawili. Tukaanza na mahindi, na sitasema uongo, siku ile tuliimba. Kazi ya wiki nzima ya kupiga magunia kwa fimbo, viganja vyote malengelenge, iliisha asubuhi moja.

Yakaja maharage. Debe la kwanza likatoka vipande. Nikadhani ni makavu mno, tukaleta ya mwenzetu mwingine, yakawa yale yale. Mpaka tunazima injini, magunia mawili yalishaharibika. Mnunuzi kutoka Karatu aliingiza mkono, akautoa, akafunga gunia bila kusema neno. Na humo ndimo tulimotegemea kutoa mbegu. Harage lililopasuka halioti.

Nikapanda basi na kopo la vile vipande. Kijana wa karakana hakuinuka, wala shikamoo hakunipa, na mimi ni sawa na mama yake.

"Mama, maharage yenu yalikauka kupita kiasi. Mashine imejaribiwa."

"Imejaribiwa kwa zao gani?"

Akanyamaza kidogo. "Mahindi. Hayo mengine ni hivyo hivyo tu."

Si hivyo hivyo! Mahindi yanastahimili ngoma inayozunguka kwa kasi. Maharage yanataka ngoma ya polepole na chekeche lenye matundu yake. Ilihitajika puli kubwa zaidi kwenye ngoma, mkanda wa kuifaa, na chekeche la pili la kufunga kwa bolti. Basi. Aliyeibuni angekaa nasi uwanjani nusu siku tu wakati wa mavuno, angeliona hilo mwenyewe. Na utaalamu upo, haujapotea: kituo cha serikali cha CAMARTEC kiko hapa hapa Arusha tangu 1981, na zana za mkulima wa kijijini ndiyo kazi yake. Hawa wangeenda kuuliza.

Aliyetuokoa ni fundi wa kijijini kwetu anayechomelea milango na madirisha. Alikata chekeche kwa gurainda, akalirudisha kwa bolti nne za spana namba 13, akatoboa jingine la maharage, akatafuta puli kubwa kwenye vyuma chakavu. Siku mbili. Sasa maharage yanatoka mazima, ukipepeta ungo mzima unaokota vipande viwili vitatu.

Sasa niwashauri nini? Mwenye mahindi tu anunue, kwa bei ile hatajuta. Hata mwenye maharage, kama ana fundi kama wetu... Hapana. Nikikumbuka nilivyojibiwa, na yale maneno MAZAO YOTE yaliyoandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, siwezi kumtuma mtu pale. Mashine ni nzuri, imekuwa nzuri mikononi mwa fundi wetu, na hela wamekula wao.

Mbaazi zinakaribia kukauka. Tutaanza na debe moja, nami nitasimama pale pale pa kuzimia injini.