Baraza la Kata na Mahakama ya Mwanzo: huduma ya kugawana mali na madeni, tunaipa nyota ngapi?

Anayeachana na mwenziwe Tanzania Bara hupita milango miwili, na wengi huchelewa kwa kudhani ni mmoja. Wa kwanza ni baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini. Wa pili ni mahakama.

Baraza lina mazuri yake. Liko jirani, lina mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano, na mtu hajikwai kujieleza. Ubovu huanza wajumbe wanapojivika joho la hakimu. Baraza haligawi mali. Karatasi iliyoandikwa "mume achukue bajaji, mke abaki na kiwanja", hata ikigongwa mhuri mara tatu, ni mapendekezo tu. Cha kudai pale ni hati inayothibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Isome papo hapo: majina yalingane na ya cheti cha ndoa, maoni ya baraza yawemo, saini na tarehe vionekane. Tarehe ndiyo inayoponza watu, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hati iwe haijazidi miezi sita siku ya kufungua shauri. Aliyeifungia kabatini akisubiri mavuno huanza upya. Barua ya mistari miwili, "tumewasikiliza, waende mahakamani", ni mtego mbaya zaidi: shauri linaweza kuanguka kwenye rufaa baada ya mali kushagawanywa. Waislamu nao wasiishie kwenye karatasi ya talaka. Hiyo peke yake haimgawii mtu hata sufuria.

Kwa mali, Mahakama ya Mwanzo tunaipa nyota nne kati ya tano. Inaendeshwa kwa Kiswahili na mtu anaweza kujisimamia. Kipimo ni kifungu cha 114 cha Sheria hiyo ya Ndoa: mali iliyochumwa kwa jasho la wote wawili, pamoja na ile aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa lakini ikaendelezwa sana na mwenzake. Jina kwenye hati ya nyumba si mwisho wa maneno. Ni dhana inayoweza kupinduliwa kwa ushahidi. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani nazo zinahesabika kuwa mchango. Ila nusu kwa nusu haiji yenyewe. "Nilikuwa namsaidia" haimshibishi hakimu. Mlete fundi aliyekuona ukisomba maji ya zege na kuwapikia vibarua. Leta mkataba wa mauziano ya kiwanja, risiti za saruji na mabati, taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha fedha zikienda kwa muuza matofali.

Kwa madeni, nyota mbili, na nusu ya lawama ni yetu wadaawa, yaani wenye kesi. Kifungu hichohicho kinaitaka mahakama izingatie madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote, lakini watu huorodhesha makochi na friji huku marejesho ya vyama na vikundi vya kuweka na kukopa, SACCOS na VICOBA, hayatajwi. Tuseme nyumba ina thamani ya milioni 60 na mkopo uliobaki ni milioni 18. Cha kugawana ni milioni 42. Anayepewa asilimia 40 anastahili milioni 16.8, lakini deni likisahaulika atapata milioni 24, na mwenzake abebe mkopo wote peke yake. Kwa hiyo omba taarifa ya salio la mkopo yenye tarehe ya karibuni, uambatishe na uthibitisho wa matumizi: ada za shule, bati, pembejeo. Deni la kubeti au la kumpangishia nyumba ndogo halimhusu mwenzako, mradi ulionyeshe lilikokwenda.

Kuna jambo makarani hawalisemi kwa sauti: benki si sehemu ya shauri lenu. Hakimu akiamuru mume alipe mkopo uliosainiwa na mke, benki bado itamdai mke. Mwenye kulinda jina lake aende kwa mkopeshaji kubadilisha mkataba au kuumaliza kwa fedha za mauzo.

Wakati shauri linaendelea, nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Kama ina hati, weka zuio kwa msajili wa hati mapema. Mnunuzi aliyenunua bila kujua ni vita nyingine.

Kinachotuudhi zaidi ni hukumu inayosema tu "wagawane mali". Ukifika kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, dalali wa mahakama hajui ashike nini. Katika maombi yako taja kila kitu kwa namba ya kiwanja au ya usajili wa gari, thamani ya mthamini aliyesajiliwa, nani abaki nacho, amlipe mwenzake shilingi ngapi, kabla ya tarehe gani, na kwamba siku hiyo ikipita kiuzwe, deni lilipwe kwanza, kinachobaki kigawanywe kwa asilimia zilizoamriwa.