iMac ya 2017 Kuwekewa SSD: Uzoefu Wangu

Kama una iMac (kompyuta ya mezani ya Apple) ya inchi 21.5 ya mwaka 2017 na kila ukiiwasha unapata muda wa kwenda kununua vocha na kurudi, usikimbilie kuilaumu prosesa. Angalia diski. Nyingi za saizi hii zilitoka na diski ya kuzunguka ya TB 1, mizunguko 5,400 kwa dakika, ile ile ndogo ya inchi 2.5 inayokaa kwenye laptop. Prosesa nzuri, skrini ya 4K inayong'aa, halafu mafaili yote yanapita kwenye tundu la sindano.

Yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, hapa Dar, kwa kazi za kudizaini: kadi za harusi, mabango, fulana za kampeni. Haikuwa mbovu. Ilikuwa nzito tu, na mteja akiwa amesimama nyuma yako, uzito huo unauona maradufu.

Nilichoweka ni SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka: Samsung 870 EVO ya GB 500, ya SATA (njia ya kawaida ya kuunganisha diski). Warranti yake ni miaka mitano, na kasi ya kusoma inayotajwa ni hadi MB 560 kwa sekunde, ambayo kwa njia ya SATA ndiyo kama mwisho wake. Na muuzaji asikutie tamaa na NVMe (SSD ya kasi zaidi, isiyopitia SATA) ya bei kubwa eti ndiyo kiboko. Kwenye mashine hii tundu la SSD ya aina hiyo liko nyuma ya ubao mama, na kuufikia ni kuibomoa karibu yote. Jingine: Kariakoo SSD feki zipo, nyingine zimeandikwa TB 2 kwa bei ya kuchekesha. Nilimwomba muuzaji aichomeke yangu kwenye laptop yake ya Windows, tukafungua programu ya Samsung Magician, ikaitambua. Hapo ndipo nikatoa hela.

Sasa kufungua. Hapa ndipo pesa ya fundi inapoliwa kihalali. Tangu umbo jembamba la mwishoni mwa 2012, kioo cha iMac na skrini yake ni kitu kimoja, na kimebandikwa kwa gundi pembeni. Hakuna skrubu ya kufungua mbele. Fundi alitumia kigurudumu kidogo cha plastiki, akakipitisha taratibu kutoka ubavu mmoja, juu, hadi ubavu wa pili. Alipofika juu katikati, penye kamera, alipunguza mkono kabisa. Gundi ikiachia inatoa sauti ya kama selotepu inayobanduliwa, na mimi mwenye mali kila ikilia nilikuwa nakunja uso. Kioo hakivutwi moja kwa moja: kinainamishwa kidogo, waya mbili za skrini zinachomolewa kwanza. Ukivuta kwa pupa unaweza kuzikata, na hapo bei ya skrini nzima itakutoa jasho.

Diski yenyewe imevaa mpira ubavuni na imeshikwa na skrubu za Torx (zenye tundu la nyota). Kuitoa na kuweka nyingine ni kazi ndogo ukilinganisha na kile kioo. Kilichonifanya nimheshimu yule fundi ni alichosema baadaye: "Dada, tusiibandike kwanza." Akashikiza kioo kwa selotepu za karatasi, akawasha, tukaweka macOS (mfumo wa kuendesha Mac), tukajaribu sauti, kamera na Wi-Fi. Ndipo akasafisha gundi ya zamani yote na kuweka mikanda mipya iliyokatwa kwa umbo la mashine hiyo. Fundi akikwambia ataibandika na gundi ya maji, chukua mzigo wako uondoke.

Matokeo? Diski ya zamani ilikuwa ikigota kwenye MB 90 hivi kwa sekunde. Sasa kusoma ni 500 na ushee. Photoshop inafunguka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Feni imebaki kimya, tofauti na iMac za 2009 hadi 2011, ambazo ukibadilisha diski bila kushughulikia kihisi cha joto feni hunguruma kutwa. Niliwasha pia TRIM (inayoisaidia SSD kusafisha nafasi ya mafaili yaliyofutwa) kwenye Terminal, programu ya Mac ya kuandikia amri, kwa amri ya sudo trimforce enable, maana kwa SSD isiyo ya Apple haijiwashi yenyewe. Mafaili yalirudi kutoka Time Machine, programu ya Mac ya kuhifadhi nakala, bila shida.

Kinachonikera ni nafasi. GB 500 kwa mtu wa picha zinajaa haraka. Ningekuwa na uwezo ningechukua TB 1 pale pale, kwa sababu gharama ya kufungua ni ile ile. SSD hii naipa nyota nne.

Ukiogopa kufunguliwa kioo, chomeka SSD ya nje kwenye USB 3 na uwashie mfumo kutoka huko. Inafanya kazi vizuri, ila waya usije ukaguswa na mfagiaji. Na kama yako ni ya inchi 24 yenye chip ya M1, ya kuanzia 2021, usihangaike na fundi: hifadhi yake imechomelewa kwenye ubao mama.