Carancho: Wakili Anayewahi Majeruhi Kabla ya Ndugu

Carancho ni ndege wa Amerika ya Kusini, wa jamii ya kozi, alaye hata mizoga, na huko Ajentina jina hilo hubandikwa wakili anayevizia majeruhi wa ajali. Pablo Trapero, aliyeongoza filamu hii ya Carancho ya mwaka 2010, ameiweka hadithi yake usiku katika vitongoji vya Buenos Aires, baina ya lami, gari la wagonjwa na chumba cha dharura.

Sosa, anayeigizwa na Ricardo Darín, amenyang'anywa leseni ya uwakili. Kwetu Tanzania tungemwita wakili kishoka. Anaitumikia ofisi inayojidai kuwasaidia wahanga, ambayo humsainisha mtu karatasi angali akiugulia maumivu, ikadai fidia kwa kampuni ya bima, kisha ikajikatia fungu nono na kumwachia mwenye mguu uliovunjika makombo. Uovu wenyewe hauna kishindo, kwani unapitia kwenye fomu, sahihi na namba ya simu ya askari au muuguzi anayelipwa ili atoe taarifa mapema. Yeyote aliyewahi kuhangaika na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, usiku wa manane, huku mgonjwa wake amelala kwenye benchi, ataielewa filamu hii bila kuhitaji maelezo.

Kuna tukio moja ambalo bado linanisumbua. Rafiki yake Sosa anakubali kuvunjwa mguu kwa nyundo ili ajali ya kupanga ionekane ya kweli. Mpango unakwenda kombo, na daktari anayefika na gari la wagonjwa ni Luján, mwanamke ambaye Sosa ameanza kumpenda. Martina Gusmán anamwigiza Luján kwa utulivu mkubwa: daktari mgeni mjini, aliyechoshwa na zamu, anayejidunga dawa kwa siri. Mapenzi yao yanauma kwa sababu wote wawili wanakula kutokana na ajali zilezile, mmoja akitibu na mwingine akivuna.

Kasoro ninayoiona iko sehemu ya mwisho, ambapo bunduki na vipigo vinaisukuma kando ile hila ya makaratasi iliyokuwa na nguvu zaidi. Hata hivyo Darín hapotei. Uso wake uliovimba unabaki na aibu ya mtu anayeijua sheria vizuri. Filamu iko kwa Kihispania, damu ni nyingi, na si ya kutazamwa pamoja na watoto.